Kiitikio cha Nyapara

Kila asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapanda begani mwa mtu, makuli wa gati la Mkuyuni walimtazama Luhende mdomoni. Hawakuambiana wamtazame, macho yalikwenda yenyewe. Akiwa ameufumba, siku ile ilikuwa ya kununa: magunia yalitupwa badala ya kupangwa, na mtu akikanyagwa kidole aligeuka na ngumi. Akiwa ameuacha wazi kidogo upande mmoja, pale penye pengo la jino, walijua kuna wimbo unakuja, wakaanza kucheka kabla hawajajua wanamcheka nani. Luhende aliligundua jambo hili akiwa amekwisha kuwa nyapara kwa miaka mingi, na tangu aligundue hakuwa tena mtu yule yule.

Zamani hakuwa na haja ya kuligundua. Enzi za ushirika, kengele ndiyo iliyowaamrisha watu: ikilia wanabeba, ikilia tena wanakaa, na kazi ya nyapara ilikuwa kuzungukazunguka na kalamu sikioni na kuombwa ruhusa za misiba. Kisha ushirika ukafa kimyakimya, bila hata mtu wa kuulilia. Zikaja zama za ruksa, ghala likapata tajiri, na tajiri hakutaka waajiriwa bali vibarua. Kengele ikang'olewa, ikauzwa chuma chakavu. Kazi sasa ilipimwa kwa tishali, lile jahazi pana la mizigo: likijaa magunia ya mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba yanayopelekwa Kisumu kulisha ng'ombe, kabla jua halijafika utosini, kundi lina kazi na kesho, lisipojaa, kesho ni ya wengine. Na hao wengine hawakuwa mbali. Walikaa nje ya geti, migongo ukutani, vijana waliotembea kwa miguu kutoka Igoma tangu alfajiri, wakisubiri bila papara yoyote kundi la Luhende lishindwe.

Miezi ya kwanza walikaribia kushindwa kweli. Watu waliozoea mshahara walijiona wametupwa jalalani, wakawa wanatafutana ubaya. Walizibiana njia kwenye ubao wa kupandia tishalini, wakaibiana hata kata za kubebea. Siku moja Masalu, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, na Kashindye, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, walishikana mashati juu ya ubao huo, na gunia zima likaenda majini. Mihayo, karani wa ghala, alitoka ofisini akalitazama likizama. Kisha akamwambia Luhende kwa upole kwamba tajiri hana ugomvi na mtu, ila geti lina ufunguo, na nje kuna watu.

Ndipo Luhende alipomkumbuka baba yake. Mzee yule alikuwa ningi, mtunzi na kiongozi wa waimbaji, katika kundi la walimaji huko Kwimba. Kundi lilihama shamba hadi shamba, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo wa ngoma ya bugobogobo, na ningi alitangulia mbele akichagua mlimaji mmoja wa kumsuta. Alisuta miguu ya mtu, ukoo wake, ng'ombe wake waliokonda. Kanuni ilikuwa moja tu: aliyeimbwa hujibu. Akijibu, hata kwa mstari mmoja wa ovyo, wimbo unamtoka na kumhamia mwingine, na jioni wote wanakunywa kibuyu kimoja. Asiyejibu anabaki nao. Luhende alikua akiamini kwamba hakuna mtu duniani asiyeijua kanuni hiyo.

Alianza kwa kujiimba mwenyewe. Alisimama mwanzo wa ubao akalisuta pengo lake la jino, kwamba maneno ya tajiri huingilia hapo na kutokea hapo hapo. Watu wakashangaa, kisha wakacheka, kicheko cha kwanza tangu kengele ing'olewe. Kesho yake akamwimba Masalu, kwamba ulimi wake ungekuwa bega, kundi zima lingebaki nyumbani. Masalu akajibu papo hapo na gunia shingoni, akaisuta miguu ya nyapara iliyopinda hata mbuzi angepita katikati bila kuinamisha pembe. Wimbo ukamhamia Kashindye, naye akajibu. Ukawahamia Wakerewe wawili wa kundi, nao wakajibu kwa pamoja. Magunia yakawa mepesi. Tishali likajaa jua likiwa bado mashariki, upande wa Nyakato, na wale wa Igoma wakarudi kwao wakipangusa vumbi makalioni. Mihayo alimwita Luhende ofisini akamuuliza anawapa nini watu wake. Luhende akacheka tu, kichwa kikamvimba.

Ogada alikuja mwanzoni mwa masika, akachukua nafasi ya mtu aliyeumia mgongo. Alikuwa Mjaluo wa Shirati, mrefu, mwenye adabu ya kupitiliza. Alimwamkia kila aliyemzidi umri, hata kwa mwezi mmoja, kisha akabeba bila kusema neno. Katika kundi zima hakuwemo mwingine wa kwao. Siku chache baadaye aliteleza kwenye ubao uliolowa, akapiga goti, akainuka. Luhende akamwimba. Haukuwa wimbo mbaya, kwa haki: twiga wa Shirati kaja ziwani kunywa, shingo imeshafika, miguu ingali inauliza njia. Watu wakaangua kicheko, wakatega masikio kusubiri jibu. Ogada akaweka gunia lake mahali pake, akajifuta jasho, akarudi ghalani kuchukua jingine.

Kesho yake wimbo ulikuwa bado wake, kwa kuwa hakujibu. Kesho kutwa vilevile. Masalu akauongezea ubeti, Kashindye akauongezea mwingine, na Ogada akaendelea kubeba kimya, macho mbele, kama mtu anayepita kwenye mvua bila mwavuli. Hapo Luhende akaona jambo ambalo baba yake hakuwahi kumwambia. Kumbe wimbo ukiganda kwa mtu mmoja, wengine wote hupumua. Masalu hakuogopa tena kuimbwa, Kashindye hakuogopa, na wale Wakerewe ambao zamani walikula peke yao sasa walikaa katikati ya wenzao, wakigongana mabega kwa kicheko. Hawakuwahi kupendana vile. Tishali lilijaa mapema kuliko siku zote, na mtu akitaka kukasirika alimtazama Ogada kwanza, hasira ikapata pa kwenda.

Basi wimbo ukaota meno. Wakaimba Kiswahili chake, wakaimba meno ya chini ambayo wazee wa kwao waling'oa, wakaimba ukimya wake kwamba labda kaazima ulimi kwa jirani na jirani kaudai. Halafu mambo yakatoka kwenye wimbo yakaingia mikononi. Gunia lililonyeshewa, zito maradufu, lilikuwa likimngoja yeye. Alipokaa kunywa uji, waliokuwa karibu walikumbuka kuwa wana shughuli mahali pengine. Luhende aliyaona yote. Alikuwa na maneno matatu tu ya kusema ili yaishe: jibu, ndugu yangu. Kila jioni aliyaweka ulimini, na kila asubuhi aliwaona vijana wa Igoma nje ya geti akayameza.

Siku moja, kazi ilipokwisha, Ogada alimfuata nyuma ya ghala, akamwamkia, akasimama mikono nyuma.

"Mzee, naomba uniambie nilipokosea."

"Hujakosea," Luhende akajibu. "Ni utani tu. Wanakupenda."

"Kwetu mtu akitukanwa mbele ya watu hunyamaza," Ogada akasema. "Hunyamaza mpaka mwenye kutukana aone haya. Nimenyamaza mzee, nao hawaoni haya. Ndiyo maana nauliza."

Luhende akaelewa, na kwa kuelewa kule hakubakiwa na kisingizio. Mtu huyu alikuwa akitumia dawa ileile iliyokuwa ikimuua. Kilichohitajika ni kumwambia tu. Badala yake alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba vijana ni vijana, watazoea. Ogada akaitikia kwa kichwa, kisha akasema ana ombi jingine. Nyumbani alikuwa na mgonjwa. Ndiye aliyemleta Mwanza, awe karibu na hospitali kubwa, na kibarua hiki alikitafuta kwa ajili ya dawa zake. Ndiyo maana asubuhi nyingine alifika amechelewa kidogo. Kesho angeomba asije kabisa, ampeleke akaonwe na daktari, kwa kuwa hali haikuwa nzuri.

Kwa kubeba, kundi lingeweza kumaliza bila Ogada. Luhende aliijua hesabu hiyo kichwani. Lakini bila Ogada wangemwimba nani? Akamwambia kwamba asiyekuja kesho, nafasi yake ina mtu getini. Alilisema kwa upole, kwa sauti ya Mihayo kabisa. Na hakuuliza mgonjwa ni nani, ni mke, mama au mtoto. Hilo nalo lingemchukua neno moja.

Kesho yake Ogada alikuwa wa kwanza getini. Masalu akamtungia ubeti mpya, kwamba twiga siku hizi anachelewa kwa sababu kuna mwanamke amemshika shuka, na leo kawahi kwa kuwa kafukuzwa kitandani. Ubeti ule ulipendwa kuliko yote iliyotangulia. Luhende mwenyewe aliucheka, akaurudia akipiga makofi, na kila alipoupigia makofi wale watu walizidi kuchangamka. Uliimbwa wiki nzima.

Kisha Ogada hakuonekana. Siku ya kwanza watu waliuimba wimbo bila yeye, ukawa hauna utamu, ukafa katikati. Siku ya pili walianza kutazamana. Mmoja wa wale Wakerewe akasema Masalu anabeba magunia mepesi, Masalu akamjibu kwa neno la mama yake, na Kashindye, ambaye hakuwa ameguswa na yeyote, akatupa ngumi kwa sababu tu mkono ulikuwa umekaa muda mrefu bila kazi. Luhende alijaribu kujiimba tena, pengo na miguu, lakini walikwisha kuonja kitu kikali zaidi, na chumvi hii ya kawaida haikuwaingia. Jua lilifika utosini, tishali halijafika nusu. Mihayo alitoka akasimama mlangoni pa ofisi, akaenda getini akazungumza na wale wa nje kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa kwenye komeo.

Kwa hiyo Ogada aliporudi, Luhende alifurahi. Lazima lisemwe. Alimwona akiingia getini na shati lilelile, macho mekundu, amekonda kwa siku chache kuliko mtu anavyokonda kwa mwezi, na moyo wake ukaruka kwa furaha kama wa mtu aliyekata tamaa ya moto akakuta kaa moja bado linawaka. Watu wakapiga vigelegele vya kiume. Mtu akamsukumia gunia lililolowa. Luhende akasimama mwanzo wa ubao, akalifungua lile pengo, akamkaribisha bwana harusi: kaja bwana harusi na macho ya usingizi, muulizeni shuka ilikuwa ya rangi gani.

Ogada alifika katikati ya ubao akasimama. Nyuma yake watu wakasongamana na magunia yao. Akafungua kinywa, akaimba.

Ilikuwa sauti ya juu, iliyoanzia pale nyimbo nyingine zinapoishia, ikashuka polepole kama mtu anayeshuka kisimani gizani, na kila iliposhuka ilitua kwenye jina moja: Awuor. Ikapanda tena, ikashuka tena, Awuor. Gunia halikutikisika begani mwake. Maji yalikuwa yakigonga ubavu wa tishali, na kwa mara ya kwanza tangu kundi liwe kundi, hakuna aliyecheka. Watu wote wakageuka kumtazama Luhende, waone ni kitu gani hiki wanachokisikia.

Luhende alikuwa mtoto wa ningi. Alikwisha kusikia nyimbo za kulima, za ngoma, za harusi na za kuzika, na sikio lake halikuhitaji kujua Kijaluo. Alijua. Iandikwe hivyo, asije mtu baadaye akamtetea kwamba lugha ilimpita. Alijua kuwa anasikiliza kilio, na alijua kuwa akivua kofia yake, hiyo tu, watu wote hawa watavua zao, watamtua mwenzao mzigo, watakaa chini naye. Na tishali halitajaa. Macho yake yakakimbilia getini. Alipoyarudisha, mdomo wake ulikwisha kufunguka upande wa pengo.

"Awuor!" akaitikia kwa sauti ya ngoma, akipiga mguu ubaoni. "Kumbe ndilo jina la mwenye shuka! Mwitikieni, amejibu!"

Gati likalipuka. Amejibu, amejibu! Masalu akalidaka lile jina akalifunga mdundo, Kashindye akalipiga kwa viganja kwenye gunia lake, na kila Ogada aliposhusha sauti, wanaume ishirini walimpokea kwa mguu mmoja: Awuor! Ubao ulidunda. Ogada aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, kwa mshangao wa mtu aliyepiga kelele shimoni akasikia anajibiwa. Kisha akaanza kutembea. Alitembea kwa mdundo wao na kuimba kwa sauti yake, na hakuacha mpaka magunia yakaisha. Mihayo alitoka ofisini akawa anatikisa kichwa kwa raha.

Wakati wa uji Luhende alijipanga kwa Odeta kama kawaida. Odeta alikuwa mwanamke wa Kijita aliyelelewa Shirati kwa shangazi yake, akiuza uji pale gatini tangu enzi za kengele. Alimpa kila mtu kikombe chake. Zamu ya Luhende ilipofika, akaweka upawa chini, akafunika sufuria.

"Odeta, leo nimekukosea nini?"

"Awuor ni binti yake," Odeta akasema, bila kuinua sauti. "Alikuwa hajaanza shule. Mama yake yuko Shirati na wadogo zake, hajui bado. Tulimzika juzi, mimi na baba yake na mchimba kaburi. Gari la kumpeleka kwao lilimshinda."

Luhende aliuliza mtoto aliumwa nini, Odeta akasema homa, iliyoanza ndogo juu ya ule ugonjwa wake wa siku nyingi. Daktari alisema kama angeletwa wiki ile ya kwanza, labda. Alisema labda tu, na madaktari husema hivyo. Kule nyuma yao watu walikuwa wakicheka, na Masalu alikuwa amemkatia Ogada kipande cha muhogo wake, akimpigapiga mgongoni.

"Katika wimbo anasema nini?"

"Anamuuliza mtoto nani atamfunika usiku."

"Na kingine?"

"Leo amemwita mtoto tu," Odeta akasema. "Katika kilio cha kwao wengine huitwa baadaye, wale wenye mkono katika kifo." Akafunua sufuria, akamhudumia mtu aliyekuwa nyuma ya Luhende.

Alasiri alimtafuta Ogada, akamkuta kwenye mawe ya ufukweni ananawa miguu. Luhende alikuwa ametayarisha maneno mengi njiani. Alipofika yakabaki mawili. Alisema pole, akasema samahani, na yote mawili yakatoka madogo kuliko alivyotarajia. Akaongeza kwamba kesho asubuhi atawaambia watu, wimbo ule hautaimbwa tena, nao watachanga kitu, watakaa matanga, kila kitu kitafanyika kama inavyostahili.

Ogada aliendelea kunawa. "Usiwaambie," akasema.

"Lakini hawajui wanachokiimba."

"Nilimzika na watu wawili, mzee. Kwetu mtoto akifa, kijiji kizima huliita jina lake mpaka sauti zikauke. Leo limeitwa na wanaume ishirini." Akavaa ndala zake, mguu mmoja, kisha mwingine. "Ukiwaambia, wataona haya, watanyamaza. Nimekaa katika kimya chenu tangu masika. Waache waimbe. Na wewe utaitikia. Wewe hasa."

Hakulisema kwa hasira. Luhende angeipokea hasira. Alikwisha kuiandalia bega. Ogada alimtakia jioni njema, kwa adabu ileile ya siku zote, akapanda njia ya kwenda mitaani.

Asubuhi ilipofika, Luhende alitaka kuukwepa wimbo ule. Alianza wimbo wa zamani wa mbuzi na miguu iliyopinda, akauimba kwa nguvu zake zote, na hakuna aliyeupokea. Walikuwa wamemgeukia Ogada. Masalu alikuwa amekwisha kuvitunga vishindo vya miguu, mbele viwili, nyuma kimoja, akiwafundisha wengine na magunia mabegani, na wanaume wazima walikuwa wakirukaruka kama watoto wa shule. Walikuwa na furaha ya kweli. Walimpenda Ogada sasa, walimgombea. Kashindye alimchagulia gunia kavu kwa mikono yake mwenyewe. Sauti ikapanda, ikashuka kisimani, na gati zima likaitika Awuor, Luhende naye akiitika, kwa kuwa kila alipochelewa Ogada alisimama ubaoni na mzigo wake akamngoja.

Waliimba hivyo mpaka tishali likafika nusu. Ndipo sauti ya Ogada ilipobadilika. Haikupanda tena; ilikaa chini, karibu na maneno ya kawaida, ikazungumza kitu kirefu bila kuvuta pumzi, na mwisho wa maneno yale likasikika jina ambalo kila mtu alilijua. Luhende.

Watu wakapiga kelele za furaha. Nyapara kaimbwa! Wakasimama walipo, magunia mabegani, nyuso zinang'aa kwa jasho, wakamtazama. Ogada naye alisimama akimtazama, kifua kikipanda na kushuka. Aliyarudia maneno yale yote, polepole zaidi, neno kwa neno, kama anayemsomea mtu mzito wa kusikia, na akamaliza palepale, kwa jina lilelile.

Luhende akageuza macho kwa Odeta. Odeta alikuwa ameshika upawa, amesikia kila kitu, uso wake umekuwa mgumu. Kisha mwanamke yule akainama, akaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

"Jibu, nyapara," Masalu akamchokoza kwa upendo mtupu. "Usituangushe. Jibu, tubebe."

Mlangoni pa ofisi Mihayo alikuwa amesimama, anatabasamu, anasubiri kama wengine. Luhende alitafuta cha kusema katika nyimbo zote alizozijua, za baba yake na zake, akakuta hana hata mstari mmoja. Lugha ile hakuijua isipokuwa neno moja. Akalisema.

"Awuor."

Wakacheka mpaka magunia yakatikisika, wakasema nyapara leo kashindwa, kaishiwa, na Ogada akageuka, akaendelea kupanda, na wote wakamfuata wakiimba.